Re: Nikipumzika najiona mvivu

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, siku ya mapumziko ukikaa tu unajiona mvivu, unashinda na simu, na jioni uchovu uko palepale.

Anza na hiyo simu. Kujibu kundi la kazini huku umejilaza kwenye kochi bado ni kazi. Mimi huzima arifa, naiacha chumba kingine, kisha nacheza karata au natembea bila pa kwenda. Mwanzoni mkono utapapasa mfuko wenyewe, vumilia, hupita.

Na hiyo hatia? Ibara ya 24 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, 1948, inataja mapumziko na starehe kuwa haki ya kila mtu. Haikuweka sharti umalize kazi zote kwanza (nani huzimaliza?).