Jibu kwa dogo wa PCB aliyepata F na S mbili: usihame kombi kwanza, badilisha unavyotumia prepo

Wakuu habari za jioni. Nimesoma uzi wa huyu mdogo wetu wa fomu faivu, kwa ambao hawajaupitia kwa ufupi ni hivi, katoka shule ya kata Nachingwea na divisheni wani, kapangiwa bweni huku Mtwara kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na bios, mtihani wa kwanza kapata F ya fizikia, S ya kemia na S ya bios. Anasema anasoma mpaka saa nane usiku na bado, anauliza ahamie CBG (kemia, bios na jiografia) au HGK (historia, jiografia na Kiswahili), na hajui atamwambiaje mzee wake ambaye ameuza ufuta ili apate godoro, sare na nauli. Nimeona wengi wamemwandikia "kaza buti" na "mtangulize Mungu", sawa, ila mtoto ameshasema anakesha, sasa akaze wapi tena?

Mdogo wangu, mimi natokea Tandahimba, shule ya kata kama wewe, nikaenda advansi (fomu faivu na siksi) bweni hapa hapa kusini, PCB hiyo hiyo, na karatasi za mwanzo zilikuwa za aina ya hizo zako. Leo niko maabara ya hospitali huku Lindi, kwahiyo naandika kwa mambo niliyoyapitia mwenyewe.

Kwanza elewa hayo matokeo yanasema nini mana naona umeyachukulia kama umekuwa mjinga ghafla. Olevo (fomu wani mpaka foo) C inaanzia 45 na A inaanzia 75. Advansi A ni 80, B ni 70, C ni 60, D 50, E 40, alafu S ni ile 35 mpaka 39, chini ya hapo F. Yaani mtu akipata 45 olevo anaandikiwa C nyumbani wanafurahi, 45 hiyo hiyo advansi ni E. Na 32 ambayo olevo ni D, umefaulu, huku ni F. Kwahiyo sehemu ya hiyo F yako ni maksi zimepungua kweli, na sehemu ni mstari wenyewe umepandishwa. F na S mbili ni pointi 19 (pointi zikiwa nyingi ndio vibaya), divisheni foo, ni mbaya ndio, lakini kutoka S kwenda D kunaweza kuwa maksi kumi na kidogo, na maksi kumi zinapatikana kwa mtu ambaye tayari anakaa mezani muda wote huo.

Sasa tatizo lenyewe. Olevo tulisoma vipi? Ticha anaandika bodi, tunanakili, jioni tunasoma kwa sauti mpaka sentensi inatoka yenyewe mdomoni, na Kiingereza chenyewe wengi tulikipata fomu wani baada ya miaka saba ya Kiswahili kwahiyo kukremu, yaani kumeza bila kuelewa, ndio ilikuwa njia ya kuvuka. Simlaumu mtu kwa hilo, lilikuwa linalipa. Swali likikuambia taja sifa nne unazitaja nne unaondoka. Advansi swali halikuombi orodha. Linakuuliza kwanini pembe ya molekuli ya methani ni nyuzi 109.5, amonia 107 na maji 104.5. Ukiwa umekremu namba tatu umekwama, mana wanataka useme kwamba amonia ina jozi moja ya elektroni ambayo haijafungwa na maji yana mbili, na jozi hizo zinasukuma zaidi kuliko zile zilizofungwa kwahiyo pembe inabanwa. Ukishalielewa hilo huhitaji kukremu, ukija kuulizwa molekuli ambayo hujawahi kuiona unaanza kuhesabu jozi tu.

Sasa maksi zikishuka mwanafunzi wa bweni anafanya nini? Anaongeza masaa. Bwenini kwetu kulikuwa na watu wanaloweka miguu kwenye beseni la maji ili wasilale, tochi mdomoni, joto la pwani na mbu, saa tisa usiku mtu anafungua ukurasa ule ule aliousoma jana, alafu saa nne asubuhi kwenye kipindi cha fizikia amelala juu ya dawati wakati ticha ndio anafundisha kile kitu ambacho usiku atakuja kukitafuta tena. Nilivyosoma uzi wako niliona hicho hicho. Dogo, lala. Nasema kwa kumaanisha, prepo (ule muda wa kujisomea jioni) ikiisha nenda kalale, ulichosoma kinakaa vizuri kichwani ukiwa umelala na darasani unakuwa na akili ya kumfuata ticha.

Kilichonibadilisha mimi ni ticha mmoja wa kemia. Alikuwa anaingia prepo bila taarifa, anapita kwenye madawati, anakufunga daftari lako, anaweka karatasi nyeupe mbele yako, anasema "niandikie ulichokuwa unasoma hapa". Hakuwa anapiga wala kutukana. Na watu ambao walikuwa wamesoma masaa mawili mfululizo waliandika mistari mitatu wakasimama. Alikuwa anasema kitu kimoja tu, ukiwa na daftari wazi kila kitu unakijua, sasa kwenye chumba cha mtihani daftari litakuwa wapi? Ilituuma mwanzoni. Ila baada ya muda nikaanza kuifanya mwenyewe kabla hajaja, na hapo ndio maksi zilianza kusogea, polepole, sio muujiza. Kwanza bios, kemia ikafuata, fizikia ndio ilichelewa kuliko zote.

Nikufafanulie inavyokwenda. Prepo ya masaa mawili na nusu usiipe yote kusoma. Soma topiki ndogo, tuseme nusu saa, kwa kuelewa, sio kwa kukimbia kurasa. Funga. Chukua karatasi andika yote unayokumbuka, chora, weka majina, weka mishale, kwa Kiingereza chako hicho hicho kibovu. Ukikwama usifungue haraka, kaa nayo kidogo, ule usumbufu wa kutafuta kichwani ndio kazi yenyewe. Alafu fungua, chukua kalamu ya rangi nyingine ujazie ulivyosahau. Hiyo rangi nyingine ndio ramani yako ya kesho, sio kurasa zote, hizo tu. Baada ya siku mbili rudia bila kuangalia, baada ya wiki tena. Nilivyofika chuo ndio nikakuta watu wameshalipima hili, kuna jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 huko Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi wasome, wengine wakarudia kusoma na wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walionekana wako vizuri zaidi, baada ya wiki moja waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Ndio mana kukremu usiku wa kuamkia testi kunadanganya, asubuhi unajiona uko fiti, ikifika mtihani wa muhula hakuna kitu.

Kwa bios mfano chukua nefroni, kile kichujio kidogo ndani ya figo. Ichore yote bila kuangalia, majina yote. Ukimaliza usiishie hapo, jiulize swali la maisha, kwanini mtu aliyefunga Ramadhani na jua hili la Mtwara mkojo wake jioni ni wa njano iliyokolea? Ukiweza kueleza maji yamepungua kwenye damu, homoni ya ADH ikaongezeka, mirija ya kukusanyia ikaruhusu maji mengi kurudi mwilini, mkojo ukabaki kidogo na mzito, basi hiyo topiki unayo. Ukiweza kuchora tu bila kueleza, bado.

Fizikia ni tofauti kidogo na hapa nikae zaidi mana ndio yenye F. Fizikia inadanganya watu kwa sababu ticha akisolvu ubaoni unafuata kila mstari unatikisa kichwa, unaona kumbe rahisi, unanakili, unaondoka. Hujasolvu wewe, amesolvu yeye. Umetaja ile topiki ya vitu vinavyorushwa, projektaili, wengi wanaanguka pale pale mwanzo, hawagawi mwendokasi sehemu mbili, ule wa kulala ambao haubadiliki na ule wa kusimama ambao mvutano wa dunia unaupunguza kitu kikiwa kinapanda na kuuongeza kikishuka. Wanakimbilia fomula ya mwisho ya umbali, wanaweka namba, kitu kimerushwa kutoka juu ya jengo na fomula ile ni ya uwanja tambarare, jibu linakuja la ajabu. Fanya hivi, swali alilosolvu ticha leo, kesho lichukue swali tupu bila njia, lisolvu peke yako. Ukishindwa angalia mstari mmoja tu wa njia alafu funga uendelee. Nilikuwa na kidaftari kidogo, sio cha noti, ni cha mahali nilipokosea na kwanini nilikosea, nimesahau kubadilisha sentimita kuwa mita, nimechanganya alama ya kutoa, sikuelewa Kiingereza cha swali. Ukikaa nacho mwezi mmoja unaona makosa yako ni machache yanayojirudia, na kitu kinachojirudia kinazibika.

Na hilo la Kiingereza tuliseme wazi jamani, watoto wa kusini wengi nyumbani ni Kimakonde au Kimwera au Kiyao, Kiswahili ndio cha shule ya msingi, alafu Kiingereza. Usione aibu kuelewa kwa Kiswahili kwanza. Diskasheni zetu zilikuwa za Kiswahili mwanzo mwisho mpaka kitu kieleweke, kisha kila mtu anaandika jibu lake kwa Kiingereza kimya kimya tunabadilishana karatasi kusahihishana. Ile hatua ya pili wengi wanairuka. Na yale maneno yanayoanzisha swali, la kueleza, la kutofautisha, la kuthibitisha, jifunze kila moja linadai nini, nimeona watu wanajua jibu wanakosa maksi kwa kutoa maana ya neno wakati walitakiwa kutoa sababu.

Diskasheni yenyewe pia iangalie. Kundi la watu kumi ambalo mmoja tu anayejua ndiye anafundisha, huyo mmoja ndiye anayefaulu, mana yeye ndiye anayetoa kitu kichwani. Tafuta wawili watatu, kila mtu aje na topiki yake ya kuwafundisha wengine, na wewe usikwepe zamu yako hata kama ndio hiyo hiyo yenye F.

Kuhusu muda, usihesabu miaka miwili. Unaanza Julai, mtihani wa taifa wa fomu siksi ni Mei, ondoa likizo, ni mfupi sana. Likizo ya Desemba huku kwetu unajua korosho bado ziko chini ya mikorosho na hakuna mzazi atakayekuacha umekaa na daftari wakati wenzio wanaokota. Mimi sikugombana na hilo. Asubuhi naangalia topiki moja, naingia shambani, naokota huku namweleza dada yangu, yeye aliishia la saba lakini alikuwa anauliza "kwahiyo?" na "kwanini sasa?" kuliko mwalimu yeyote. Nisipoweza kumjibu najua hapo pana shimo, jioni narudi kwenye daftari moja kwa moja pale. Mambo mengi ya kemia yaliniingia chini ya mikorosho na sio darasani, nasema ukweli.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekigusa humu, tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, wanaweka bure ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo. Mule wanaeleza swali lilitaka nini, watahiniwa wengi walikosea wapi, na wanaonyesha jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Watu wanahangaika na past pepa za kununua za majibu ya mtaani wakati hii ipo. Mwombe ticha wa TEHAMA au ndugu mwenye simu akushushie za kombi yako, soma swali, jibu kwanza mwenyewe, ndio uangalie walichosema.

Sasa kombi. Kuhama ni kwa mtu ambaye kombi siyo yake, na hilo hulijui bado, mana hizo karatasi zimepima kukremu kwako, hazijapima uwezo wako wa fizikia. Umeandika unataka udaktari, basi jua ukiiacha fizikia na ule udaktari wa binadamu unauacha. Kama ungekuwa unaipenda jiografia kweli ningekwambia wahi kwa mkuu wa shule wiki hii hii kabla wenzio hawajafika mbali, CBG ni kombi nzuri tu. Ila HGK umeitaja kwa kukimbia, inaonekana, na huko nako kuna insha za kueleza sababu, kukremu hakutakusaidia.

Mzee wako mwambie. Ada ya kidato cha tano na sita serikali imeifuta tangu 2022 lakini tunajua hela iliyotoka, na ukificha atasikia kwa mwingine. Mpigie simu Jumapili, mwambie matokeo yako hivi na mimi nabadilisha hiki na hiki, mtihani ujao nitakupigia tena. Wazee wetu wengi wanachotaka kusikia ni kwamba mtoto anajua tatizo liko wapi. Na ile BAM, somo la hesabu la ziada, usiitupe ingawa haimo kwenye pointi za divisheni, hesabu zake zinakusaidia mule mule kwenye fizikia.

Leo niko zamu ya usiku. Kesho nikitoka nitakuwekea hapa hapa maswali ya projektaili, jibu bila kuangalia noti, weka hatua zote mpaka pale ulipokwama, na wakuu wengine mliopita PCB au PCM (yenye hesabu badala ya bios) mtusaidie kusahihisha.