Siga za bei nafuu: usihukumu boksi kwa siga moja

Ninyi mnaoanza kazi ya kununua na kuuza siga (cigar) za kusokotwa kwa mkono, jihadharini na jambo hili: mtu anavuta siga moja, inamkolea, papo hapo anaagiza mzigo mzima. Siga moja nzuri haisemi chochote kuhusu nyingine kumi na tisa za boksi la ishirini.

Bei nafuu haina ubaya. Jueni tu kiwanda kimebana matumizi wapi. Kikiacha boksi la mbao na kufunga siga ishirini kwenye nailoni, mvutaji hapotezi kitu. Majani ya nje yakipishana rangi kidogo, hapo pia hamna hasara. Shida iko ndani. Siga nzuri hujazwa majani marefu yanayotoka kichwani hadi mwisho unaowashwa. Yakiwekwa vipande, huwaka haraka, moshi unakuwa wa moto na chembe zinaingia mdomoni. Muulizeni muuzaji waziwazi: ndani mna majani marefu au vipande?

Huko Estelí, Nicaragua, mara nyingi wasokotaji hufanya kazi wawili wawili: mmoja hukusanya majani ya ndani na kuyafunga, mwenzake huvika jani la nje. Anayefunga ndiye anayeamua kila kitu. Akiyapinda majani vibaya, hewa haipiti. Viwanda makini hupima mvuto, yaani jinsi hewa inavyopita ndani ya siga, kwa mashine kabla ya jani la nje kuvikwa, na iliyoziba hufumuliwa ikasokotwa upya. Mimi nitachagua kiwanda kinacholipia kazi hiyo kuliko chenye boksi la kumeremeta.

Mkikagua, chukueni siga tano, juu, katikati na chini ya boksi. Ibonyezeni kila moja polepole kwa vidole viwili, kutoka kichwani hadi mwisho. Ugumu uwe ule ule. Mkikuta donge, huenda mvuto ukaziba. Mkikuta pamebonyea, huenda ikawaka upande mmoja. Kisha kateni kichwa, mvute kabla ya kuwasha. Ladha itafuata baadaye. Harufu kali ya amonia inaonyesha tumbaku haijachachuka ikaiva.

Wenye uzoefu wa tumbaku ya Tabora na Urambo, iwekeni kando kwanza: ile hukaushwa kwa joto mabanini kwa ajili ya sigara za kawaida, wakati majani ya siga kwa kawaida hukaushwa kwa hewa.

Halafu unyevu. Kiwanda hulaumiwa sana kwa kosa la ghala. Siga zikae kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na kipima unyevu kiwe humo humo ndani ya sanduku mnamozihifadhi. Dar es Salaam au Mombasa, nje hewa ni nzito, lakini kiyoyozi cha dukani huzikausha. Mzigo ukifika, upumzisheni wiki kadhaa ndipo mkague.

Yaandikeni yote daftarini, pamoja na tarehe ya boksi. Agizo la pili likija, chukueni tano tena, mlinganishe na yale mliyoandika. Zao likibadilika au wasokotaji wakiwa wapya, mtaliona hapo.