Toa hiyo nailoni kwenye trei ya petunia

Unauliza ya mbolea na mwezi wa kuhamishia nje, na unasema mbegu zako za maua ya petunia zimeota sebuleni hapo Lanet, Nakuru, na nailoni uliyofunikia trei utaiacha juu "mpaka zinenepe". Zinenepe nini? Itoe kabla hujamaliza kusoma.

Najua umeambiwa na nani, maana hata mimi niliambiwa. Muuza agroveti aliniuzia mbegu za chotara kwa bei ya kunyonga, akasema mche ni mtoto mchanga: ufunike, umwagilie asubuhi na jioni. Mtoto gani analala kwa nguo mbichi? Nailoni ni ya kabla mbegu hazijaota. Mbegu ya petunia ni ndogo ajabu, gramu moja ina karibu 10,000, na haifukiwi kwa kuwa huhitaji mwanga ndipo iote. Ikikaa hivyo juu ya udongo, hukauka upesi, ndiyo maana tunaifunika. Ukishaona kijani, kazi ya nailoni imekwisha. Ukiiacha, unyevu hauna pa kutokea, na vimelea wa udongoni wanaofanana na kuvu, kama Pithiamu, wanakula shingo ya mche. Jioni mche umesimama, asubuhi umelala, shina limenywea na kuoza pale linapogusa udongo. Mche ulioanguka hivyo hakuna dawa ya kuuinua.

Yangu ilipolala hivyo nikarudi kwa muuza agroveti, yule bwana akasema sina mkono wa maua. Mkono! Kisha akanitolea pakiti nyingine na chupa ya mbolea ya majani. Harusi ya mpwa wangu, niliyoiotesha petunia hizo, ikapambwa kwa maua ya plastiki, na shangazi zake wakasifu jinsi yasivyonyauka, kwa hivyo msinicheke.

Sheria yangu sasa ni moja: maji yaingie kwa chini. Trei yenye matundu iweke kwenye beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye mpaka juu uwe na rangi nzito, toa, acha ichuruzike. Usirudie mpaka juu ianze kupauka. Na iwe asubuhi, maana usiku wetu wa Nakuru ni baridi na udongo wa jioni hulala umelowa. Kama ulichota udongo wa shamba ukauchanganya na samadi mbichi, basi huyo kimelea huenda umembeba mwenyewe hadi sebuleni.

Ya mbolea na mwezi wa kuhamishia nje, wengine watakujibu. Wewe fungua dirisha hewa ipite. Ile chupa ya kunyunyizia uliyonunua, loweshea nguo za kupiga pasi.