Tambi za ukutani na mvua ya Tukuyu

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu anasoma Marekani. Juzi alikwenda kutazama maonyesho ya wachoraji wa huko, kazi za tangu Vita Kuu ya Pili hadi leo, yanayohamishwa kutoka makumbusho moja hadi nyingine. Amenitumia picha kwa simu. Moja ni tambi na mchuzi mwekundu, imechorwa na James Rosenquist, na anasema ni kubwa kuliko ukuta wa mgahawa wangu. Tambi za nini ukubwa wote huo? Na wanazisafirishaje bila kuharibika? — Mama lishe, Mafinga

JIBU: Marahaba, mama. Umenigusa penyewe. Nimeandika mabango ya maduka hapa Mwanjelwa miaka ishirini na sita, na Rosenquist naye alikuwa fundi wa mabango. Alizaliwa North Dakota mwaka 1933, na kabla hajajulikana alikuwa akipanda majukwaa ya New York kuchora matangazo kwa mkono.

Kazi hiyo naijua mwilini. Unapiga viboksi kwenye mchoro mdogo, unavipiga tena ukutani kwa chaki, vikubwa, halafu unahamisha kiboksi kimoja kimoja. Uso ukiwa shubiri moja kutoka ukutani, huoni unachochora. Niliwahi kuchora mdomo wa mama anayekunywa chai. Kutwa nzima nilikuwa ndani ya wekundu mtupu, unaoteremka taratibu kwenye kivuli cha kahawia. Jioni niliposhuka ngazi na kuvuka barabara, ndipo nikaona kwamba anatabasamu.

Rosenquist aliuchukua ukaribu huo akaupeleka kwenye sanaa. Picha yake iitwayo F-111, ya mwaka 1964 hadi 1965, ina kimo cha mita 3 na urefu wa mita 26. Ndege ya kivita imenyooka mwanzo hadi mwisho, na juu yake kuna tairi, keki, mtoto wa kike chini ya drayer ya saluni, mwavuli mbele ya wingu la bomu la nyuklia, na tambi tele. Ilipooneshwa mara ya kwanza New York mwaka 1965, ilizunguka kuta nne za chumba. Ukiingia imekuzingira, huna pa kusimama uione yote. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa inamimina askari Vietnam. Chakula cha watoto na ndege ya mabomu viko ukuta mmoja, kwa rangi zilezile za kuuzia sabuni! Ukiipunguza ikaenea kiganjani, utaona tambi tu.

Kuhusu safari, F-111 ni vipande 23 vinavyounganishwa. Mwenyewe alikusudia kuviuza kimoja kimoja, akatokea mnunuzi akachukua vyote.

Mimi niliwahi kupeleka bango Tukuyu, plaiwudi tatu juu ya lori, nimezifunika turubai. Wewe unajua mvua ya Tukuyu. Tulipofungua, kingo zimevimba na rangi imeinuka kama ganda la kitunguu. Nilikaa kando ya barabara nikalia, mama.

Ndiyo maana makumbusho hutengeneza sanduku kwa vipimo vya kila picha, ndani likiwa na sponji. Sanduku likifika halifunguliwi papo hapo. Kwa kawaida huachwa saa 24 lizoee joto na unyevu wa jengo, maana mbao na kitambaa hutanuka na kusinyaa, na rangi kavu haiwezi kufuatana navyo, hupasuka. Kisha mtaalamu huikagua picha kwa tochi, akimulika kutoka ubavuni. Kila mkwaruzo huandikwa na kupigwa picha, na ukaguzi huohuo hurudiwa kabla ya kufunga kwa safari inayofuata.

Mwambie binti arudi kabla hawajafunga masanduku. Asimame karibu kadiri mlinzi atakavyomruhusu, achague uzi mmoja wa tambi, aufuate kwa macho mpaka uache kuwa tambi. Simu ibaki mfukoni. Halafu akueleze ni rangi gani aliikuta pale, nawe uniandikie.