Wasomaji Wanauliza: Cheni Kuruka Safarini

SWALI: Tuko wanne, pikipiki za cc 150, tunatoka Dodoma kwenda Kondoa hadi milima ya Kolo, tulale kwenye mahema. Mara iliyopita cheni ya mwenzetu iliruka mlimani. Tufanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Shika cheni nyuma ya spoketi kubwa (gurudumu la meno kwenye tairi la nyuma), ivute kwa kidole. Ikiachana na meno hadi uone nusu ya jino, imekwisha. Badilisha cheni na spoketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haidumu. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka mlegeo (cheni inavyopanda na kushuka katikati ya spoketi mbili) wa milimita 20 hadi 30, ila thibitisha kwenye kitabu chake. Pima sehemu tatu, maana cheni hailegei sawasawa. Kisha funga mizigo, dereva akae, pima tena: uzito hukaza cheni, na ikikazwa mno huua beringi.

Miba ya migunga haina huruma. Bebeni tyubu ya mbele na ya nyuma, viraka, pampu na spana ya nati ya ekseli, ya kutolea gurudumu. (Spana ndiyo husahauliwa.)

Mteremkoni tumia gia ndogo.

Hema msilisimike korongoni hata mchanga ukiwa mkavu. Mvua ikinyesha milimani, maji huwafikia usingizini.