Loudness, Thunder in the East: usiishie kwenye Crazy Nights

Mkuu, umeuliza kama Thunder in the East ya Loudness, kundi la heavy metal la Japani, ni albamu kali kweli au inasifiwa tu kwa sababu ni ya Wajapani walioingia chati za Marekani. Umesema umesikiliza Crazy Nights, wimbo wake wa kwanza, ukaona ni wimbo wa kawaida.

Kwa Crazy Nights pekee nakuelewa. Mwendo wa wastani, kiitikio cha kupigia kelele, ukumbi mzima unaitikia hata asiyejua Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, na ulifunguka: albamu ilitoka Januari 1985, ikafika nafasi ya 74 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na mwaka huohuo jamaa wakapanda jukwaa la Madison Square Garden, New York, wakiwatangulia Mötley Crüe, kundi la metal la Marekani. Ila ukiishia hapo umekunywa mchuzi ukaacha nyama.

Mimi nimepiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi miaka mingi, kwa hiyo masikio yangu huenda huko kwanza. Kwetu kazi imegawanywa. Wa solo ana lake, wa rithimu ana lake, wa besi ana lake, na solo akianza kujimwaga, rithimu anabaki pale pale anashikilia wimbo usiyumbe. Loudness wana gitaa moja tu, la Akira Takasaki. Akiacha rithimu kwenda kwenye solo jukwaani, wanaobaki chini ni Masayoshi Yamashita na besi yake, na Munetaka Higuchi na dramu zake. Basi. Hata kama studioni unaweza kurekodi gitaa juu ya gitaa, nyimbo hizi zimetungwa na watu waliozoea kuishi na pengo hilo, na unalisikia hilo kwenye utunzi wenyewe.

Nenda kwenye The Lines Are Down, wimbo wa tisa. Takasaki anakimbia, anagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, mbwembwe zote za miaka ile zipo, lakini wimbo haupwayi. Rudia wimbo huohuo, safari hii msahau Takasaki kabisa, mfuate Higuchi. Anapiga kwa nguvu kama anadai deni, halafu kila pigo linatua mahali pake, hamwachi mwenzake hewani. Kwa maoni yangu yeye ndiye mwenye albamu hii kuliko hata Takasaki, na najua wengi humu mtanipinga. Alifariki Novemba 2008 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 49. Kundi limeendelea, ila ukizoea mkono wake unajua mara moja asipokuwepo.

Takasaki na Higuchi walitoka mbali pamoja. Kabla ya kuanzisha Loudness mjini Osaka mwaka 1981 walikuwa kwenye kundi la Lazy, vijana waliovalishwa vizuri wapige muziki laini wa kupendwa na wasichana. Na kwa wale mliokua na katuni: mwimbaji wa Lazy alikuwa Hironobu Kageyama, huyohuyo aliyekuja kuimba wimbo wa ufunguzi wa Dragon Ball Z. Kundi moja likazaa vyote viwili!

Albamu ilirekodiwa Los Angeles chini ya prodyuza Max Norman, fundi aliyekuwa mitamboni kwenye Blizzard of Ozz na Diary of a Madman za Ozzy Osbourne, mwimbaji wa metal wa Uingereza. Hapa ndipo ubishi wa mashabiki wa zamani unapoanzia. Albamu zao za mwanzo, tuseme The Law of Devil's Land ya 1983, zina kona nyingi, wimbo unageuka ulikodhani umeshaujua. Norman alikata matawi. Gitaa likaletwa mbele, viitikio vikanyooshwa. Wapo wanaosema aliwafuga. Mimi naona kwenye Like Hell na Run for Your Life kupogoa kumesaidia, hasa huo wa pili, unaoanza kwa upole kabla ya kuwaka. Kwenye Get Away na We Could Be Together sina utetezi, hizo ruka tu.

Mimi niliikuta kwenye Mark II iliyoshushwa bandarini Dar kutoka Japani, diski imo ndani ya redio. Mnaoagiza magari mnajua redio za kule: FM yake ilikuwa inaishia 90, stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka ufungiwe kifaa cha kuongeza masafa. Mwenye gari hakuwa na haraka ya kukifunga, na mimi ndiye niliyekuwa dereva. Kwa hiyo niliisikiliza kwa kukosa kingine kabla ya kuisikiliza kwa kupenda, na nafikiri ndiyo maana nyimbo za nusu ya pili zilinipata. Kwa kuonja wimbo mmoja tu usingezifikia.

Kuhusu mwimbaji wao, Minoru Niihara, sauti anayo. Kiingereza chake unasikia ni cha kujifunza, na mashairi yenyewe si ya kukaa nayo, ni minyororo, usiku na kukimbia. Mtu akikwambia anaipenda albamu hii kwa maneno yake, mchunguze. Jalada nalo, ile miale ya jua jekundu, lilivutia macho Marekani, lakini kwa watu wa Korea na China alama hiyo inakumbusha jeshi la Japani wakati wa vita, kwa hiyo usishangae ukiona wengine hawaitaki fulana yake.

Ushauri wangu: anza na wimbo wa sita uende mpaka wa kumi, ndipo urudi mwanzo. Ukiona imekukaa, tafuta Disillusion ya 1984, yenye Crazy Doctor. Ipo ya Kijapani na ipo ya Kiingereza. Chukua ya Kijapani, Niihara anaimba akiwa nyumbani kwake, na kwa utunzi naiweka juu ya Thunder in the East. Kwa jinsi kundi linavyosikika, hapana.