"Discuss" haitaki "about", "discussion" yaitaka

Swali: Mimi ni katibu muhtasi. Katika muhtasari wa kikao niliandika "We discussed about the budget", mkuu wangu akalikata neno "about" kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa pili niliandika "the discussion about the budget", akaliacha. Kanuni ni ipi?

Jibu: Mkuu wako yuko sahihi kote kuwili. "Discuss" ni kitenzi elekezi. Hupokea yambwa yake (kitu kinachotendwa, hapa "the budget") moja kwa moja, bila kihusishi kama "about". Kilinganishe na "tulizungumzia bajeti", ambapo kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kimekwisha kubeba maana ya "kuhusu", kwa hiyo anayesema "tulizungumzia kuhusu bajeti" amelisema jambo mara mbili. "Talk", kwa upande wake, ni "zungumza" tupu, na ndiyo maana huandamana na "about". Ukiwa na shaka, geuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa: "The budget was discussed" inajitosheleza, lakini "The budget was talked" inabaki inaning'inia.

Nomino haina uwezo huo wa kupokea yambwa, hivyo lazima iungwe kwa kihusishi: "discussion of" au "about". Vivyo hivyo tunaandika "request a loan" lakini "a request for a loan". "Emphasise safety" lakini "emphasis on safety". "Lack water" lakini "lack of water". Katika barua za maombi ninazohariri, "I request for leave" ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote, na naamini mwandishi huwa ameihamisha "for" kutoka kwenye nomino bila kujua.

Ugumu hasa uko kwenye nomino, kwa sababu sisi tuna -a unganifu inayofanya kazi zote. Tunasema "jibu la swali", "sababu ya kuchelewa" na "chanzo cha moto" kwa -a hiyohiyo, ilhali Kiingereza kinadai "the answer to the question", "the reason for the delay" na "the cause of the fire". Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa, kwa hiyo andika daftarini nomino pamoja na kihusishi chake, kana kwamba ni neno moja.

Jihadhari pia na "jibu barua": ni "answer the letter" bila kihusishi, lakini "reply to the letter".